Kalamashaka: Washairi wa Dandora ambao darasa halijawapa kiti

Kama wewe ni mwalimu wa Kiswahili, yamkini umewahi kulitoa zoezi hili. Na kama wewe ni mwanafunzi, bila shaka umewahi kulifanya. Mwalimu humaliza kufundisha nyimbo katika fasihi simulizi, kisha huwaagiza wanafunzi waende nyanjani, kila mmoja akusanye wimbo mmoja, autafsiri kwa Kiswahili sanifu, ataje aina yake, fanani wake, hadhira yake na muktadha wa kuimbwa kwake. Neno "nyanjani" linapotamkwa, darasa zima hufahamu kuwa linalokusudiwa ni mashambani. Mwanafunzi wa Dandora hungoja likizo, akafunga safari hadi Siaya au Murang'a kwa nyanya yake. Asiyekuwa na nauli hunakili wimbo wa bembelezi kutoka katika kitabu cha mwongozo, naye mwalimu humpa alama, maana afanyeje?

Nimelifundisha somo hili katika shule za Eastlands kwa miaka mingi, na jambo hili halijawahi kuniingia akilini. Mtoto aliyezaliwa Dandora, ambaye wazazi wake walilelewa Bahati au Kaloleni, anaambiwa kwamba fasihi simulizi yake iko mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka mahali anapolala. Kumbe mlangoni pake, tangu kabla hajazaliwa, kulikuwa na vijana watatu waliotunga, wakaghani, wakafuatwa na hadhira kubwa kuliko aliyoipata mshairi yeyote wa Kiswahili katika jiji hili, na ambao wimbo wao uliowatia katika midomo ya watu ulibeba jina ambalo mwalimu yeyote wa lugha angelipenda. Uliitwa "Tafsiri Hii".

Hao ni Kalamashaka. Walikuwa watatu: Kama, Johnny Vigeti na Oteraw, ambaye wengine humwita Roba. Sitajitia kufasiri jina la kundi lao, ila sikio la Mswahili haliwezi kulipita neno "mashaka" lililomo ndani yake. Walianza katikati ya miaka ya 1990, na kufikia mwisho wa muongo huo "Tafsiri Hii" ilikuwa imewafikisha katika redio, katika runinga na katika kila matatu iliyokwenda upande wa mashariki wa jiji. Mnamo 2001 walitoa albamu yao, "Ni Wakati". Mfokaji wa Sweden mwenye asili ya Kenya, Ken Ring, alishirikiana nao, na sauti ya Dandora ikasikika hadi Ulaya.

Ili kuyaelewa maneno yao ni lazima kwanza uielewe Dandora yenyewe, kwa kuwa mtaa huu haukuota kama uyoga. Katika miaka ya 1970 Baraza la Jiji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, liligawa viwanja vipatavyo 6,000 kwa watu wa kipato kidogo. Mwenye kiwanja alipewa maji, choo na njia ya kupitisha maji machafu, halafu akatakiwa ajijengee vyumba taratibu kwa kadiri ya uwezo wake. Wazo lilikuwa jema. Lakini wenye viwanja wengi walitambua upesi kwamba chumba cha kupangisha kina faida kuliko chumba cha kulala, nyua zikajaa vyumba, na familia iliyokusudiwa kuishi peke yake uani ikajikuta miongoni mwa majirani kumi wanaotumia choo kimoja. Viwanja viligawanywa kwa awamu tano, na ndiyo sababu hadi leo mkazi wa huko akiulizwa anapoishi hujibu kwa kutaja Phase na nambari yake.

Kisha kuna jaa la taka. Lilianza kutumika katika miaka hiyo hiyo ya 1970, na kufikia 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo malori hayakuacha kumwaga taka. Mnamo 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, upande wa pili wa jiji hili hili, lilichapisha ripoti ya uchunguzi uliofanyiwa watoto 328 wa maeneo yanayolizunguka jaa hilo. Nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kinachozidi kile kinachokubalika. Ripoti hiyo ilisomwa na wataalamu. Kalamashaka walikuwa wamekwisha kutoa yao miaka kadhaa kabla, kwa mdundo, na ilisikika hata na mtu asiyejua Gigiri iko wapi.

Tukumbuke pia ilikuwa enzi gani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, hewani mlikuwa na Shirika la Utangazaji la taifa peke yake. Capital FM ilipoanza mnamo 1996, vijana wa Nairobi walifurahi kama walioletewa mvua, ila mvua hiyo ilinyesha kwa Kiingereza. Muziki uliopigwa ulikuwa wa Marekani na Uingereza kwa kiasi kikubwa, na kijana wa Kenya aliyetaka kufoka alijitahidi kuukunja ulimi kama mzaliwa wa New York. Kiswahili kilihesabiwa kuwa lugha ya taarab, ya bendi za kina Wanyika na ya mitihani. Hapo ndipo watatu hawa walipochagua kufoka kwa lugha ya uani kwao.

Nasema "walipochagua" kwa makusudi. Kule Tanzania, Saleh Jabir alikuwa amekwisha kufoka kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kundi la Kwanza Unit likafuata. Lakini kijana wa Dar es Salaam hakuwa na lugha nyingine ya kuzungumza na mwenzake kijiweni. Kijana wa Nairobi alikuwa nazo tatu au nne, na miongoni mwa hizo Kiingereza ndicho kilichofungua milango ya redio, ya kazi na ya heshima. Kuiacha lugha yenye malipo ukashika isiyolipa ni uamuzi, na watu hulipia maamuzi ya namna hiyo.

Sasa nijibu hoja mbili ambazo nimezisikia katika majilisi za shule kila nilipolitaja jambo hili.

Ya kwanza ni kwamba muziki wa kufokafoka si wetu, ni uigaji wa Wamarekani. Walimu wasemao hivi nawaheshimu, lakini nimewasikia wengi wao, wakisahihisha madaftari alasiri, wakipiga mluzi wa nyimbo za Jim Reeves. Bwana huyu alizaliwa Texas, akafa katika ajali ya ndege karibu na Nashville mnamo Julai 31, 1964, Kenya ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Muziki wake wa kantri, pamoja na wa Kenny Rogers, Don Williams na Dolly Parton, umelelewa katika nyumba za Wakenya kwa zaidi ya nusu karne, ukapigwa Krismasi, ukapigwa harusini, ukapigwa matangani. Tunaye hata mwimbaji wetu wa Nairobi, Elvis Otieno, ambaye amejijengea jina la Sir Elvis kwa kuimba kantri akiwa na kofia yake pana. Hakuna aliyemwambia kwamba ameikana nchi yake. Kwa nini gitaa la Texas liwe letu na mdundo wa New York uwe wa kigeni?

Tena historia ina kichekesho chake hapa. Mnamo 1950 mtafiti Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Kusini, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis akiwa na mashine ya kunasa sauti. Wasichana wa huko walimwimbia kiumbe wa ajabu aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu swala, wakimsihi acheze. Chemirocha huyo alikuwa nani? Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi ambaye wengi humwita baba wa muziki wa kantri, na ambaye alikuwa amekwisha kufa tangu 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika Bonde la Ufa, jina lake likakunjwa likafuata ulimi wa Kikipsigis, naye akageuka kiumbe wa ngano. Leo hakuna mtaalamu anayewaita wasichana wale waigaji. Huitwa hazina. Sauti zao zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini, na katika miaka ya karibuni nakala zilirudishwa kijijini, wazee wakazisikia tena.

Lingekuwepo tukio kama hilo Dandora mnamo 1996, mtu akafika na mashine na daftari, akawauliza wale vijana neno hili maana yake nini na mstari huu aliutunga nani, nisingekuwa na haja ya kuandika makala haya. Hakufika mtu. Wataalamu wetu wenyewe, wenye ofisi umbali wa matatu moja tu, walikuwa wamekwenda mashambani.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siipuuzi: lugha. Kalamashaka hawakufoka kwa Kiswahili sanifu. Walifoka kwa lugha ya Eastlands, yaani Sheng pamoja na Kiswahili cha Nairobi, na kila mwalimu anajua madhara ya lugha hiyo katika karatasi ya insha. Mwanafunzi huandika "mtu mwenye alikuja" badala ya "mtu aliyekuja", "kamtoto" badala ya "kitoto", "kwa nyumba" badala ya "nyumbani". Watahini wamelalamika mara kwa mara, na wana haki. Mimi mwenyewe huzipigia mstari mwekundu bila huruma. Kiswahili kilifanywa somo la lazima la mtihani pamoja na mfumo wa 8-4-4 mnamo 1985, na Katiba ya 2010 ikakipa hadhi ya lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Haiwezekani tuyapate haya yote kisha tuwaachie watoto waandike wapendavyo.

Lakini kosa la insha si lazima liwe kosa la shairi. Muyaka bin Haji, tunayemtukuza kama fahari ya Mombasa, hakutunga kwa Kiswahili sanifu, hakikuwapo. Alitunga kwa Kimvita cha mitaani kwake katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, kwa mafumbo ambayo wenyeji waliyaelewa na wageni wakabaki wameduwaa, akawajibu watawala na mahasimu wa mji wake. Leo twasoma maelezo ya chini ya ukurasa ili tujue alimaanisha nini. Aidha, Euphrase Kezilahabi alipotoa "Kichomi" mnamo 1974, akiacha vina na mizani, wanajadi walisema ameua ushairi. Sasa ushairi huru uko katika mtaala, na mwanafunzi huulizwa maswali juu yake bila mtu kutoa jasho.

Na hapa pana jambo ambalo wanajadi wetu wangelifurahia kama wangesikiliza. Kalamashaka hawakuacha vina. Walivizidisha! Katika shairi la mizani kumi na sita, tumezoea kina cha kati na kina cha mwisho, basi. Mfokaji wa Dandora hupandisha kina juu ya kina ndani ya mshororo mmoja, akakivuta hadi mshororo wa tatu, akakiacha ghafla na kushika kingine, huku mdundo ukimbana kama mizani inavyombana mtunzi wa jadi. Hana nafasi ya silabi moja kuzidi. Ikizidi, pumzi humwisha au mdundo humtupa. Kuna pokezana baina ya sauti tatu, mmoja akiacha neno la mwisho kwa mwenzake, na wasikilizaji wa ukumbini hulimalizia kabla hajalitamka. Mwalimu anayefundisha malumbano na ngonjera angetaka mfano gani zaidi ya huu?

Kuhusu maneno yenyewe, mengi yana historia ya kufundisha kipindi kizima. Chukua "kanjo", jina la askari wa baraza la jiji anayewakimbiza wachuuzi. Limetokana na neno la Kiingereza la baraza, likatiwa irabu, likavaa sare na kushika rungu. Mchuuzi wa Eastlands hakuliona baraza kama jengo lenye meya na madiwani. Aliliona kama mtu anayekuja mbio. Ukimweleza mwanafunzi hivyo, atakuwa amejifunza utohozi na upanuzi wa maana kwa mpigo, tena kwa neno analolijua tangu utotoni.

Sitaki kuwapamba vijana hawa kupita kiasi. Kuna mishororo yao inayosimama kwa neno la Kiingereza kwa sababu tu kina kiligoma. Kuna majigambo mengi, ingawa majigambo nayo ni utanzu katika silabasi yetu. Sauti za wanawake ni haba mno, na mama katika tungo hizi aghalabu ni mtu wa kuhurumiwa badala ya kusikika. Hayo yote yanaweza kuwa maswali ya mtihani, kama tunavyouliza juu ya nafasi ya mwanamke katika riwaya teule.

Nirudi katika safari ya kundi. Baada ya "Ni Wakati", nguvu zao nyingi ziliingia katika mkusanyiko mpana zaidi uliowajumuisha wafokaji wa Dandora na wa mitaa mingine ya Eastlands pamoja na Ukoo Flani wa Mombasa. Waliitwa Ukoo Flani Mau Mau. Ningependa wanafunzi wa historia wasimame kidogo hapa. Chama cha Mau Mau kilipigwa marufuku na Waingereza, na marufuku hiyo, kwa aibu yetu, ilibaki katika sheria za Kenya huru hadi Agosti 2003 ilipofutwa na serikali ya Rais Kibaki. Kwa hivyo wale vijana walipoanza kujiita kwa jina hilo walikuwa wanajiita kwa jina la chama kilichokuwa bado haramu. Na hawakulitafuta mbali. Mnamo Aprili 24, 1954, katika operesheni iliyoitwa Anvil, majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi, yakapekua mitaa ya Waafrika ya Eastlands nyumba kwa nyumba, na maelfu kwa maelfu ya wanaume wakapakiwa katika malori na kupelekwa kambini. Wajukuu wa watu hao walikua katika mitaa ile ile. Vitabu vya shule viliieleza Mau Mau kama habari ya msituni, ya Aberdare na Mlima Kenya. Wafokaji waliikumbuka kama habari ya mtaani.

Mnamo 2004 kukatoka "Kilio cha Haki", albamu iliyonaswa hapa Eastlands kwa juhudi za mwanamuziki wa Uholanzi, Nynke Nauta, ikiwaleta pamoja wafokaji wengi kwa wakati mmoja. Miaka miwili baadaye ikafuata "Dandora Burning" ya Ukoo Flani Mau Mau. Msomaji ataona jambo linalojirudia: Sweden, Uholanzi. Walioleta vipaza sauti na fedha walitoka mbali. Sisemi hili kwa kuwalaumu wageni, kwani bila wao huenda tusingekuwa na hata hicho kidogo. Nasema kwa sababu jiji lenye vyuo vikuu, vituo vya redio na makampuni ya uchapishaji halikuona hapo kitu cha kuhifadhi.

Na fedha? Magazeti yetu yameandika mara nyingi kwamba waanzilishi hawa walipata sifa kuliko mali, na hakuna anayezijua taratibu za biashara ya muziki ya wakati ule atakayestaajabu. Kaseti ilitolewa asubuhi, ikadurufiwa mchana, ikauzwa na mchuuzi jioni kwa nusu ya bei. Redio ilipiga wimbo mara ishirini kwa siku na mtunzi akapanda matatu inayoupiga huo huo wimbo, akalipa nauli kama kila mtu. Sheria mpya ya hakimiliki ilipitishwa mnamo 2001, mwaka ule ule wa "Ni Wakati", lakini sheria na mfuko wa msanii ni vitu viwili vinavyoishi mitaa tofauti.

Waliotokana nao wamefika mbali zaidi. Juliani, mzaliwa wa Dandora aliyekulia katika Ukoo Flani Mau Mau, aligeukia injili, akatoa "Mtaa Mentality" mnamo 2008, na baadaye akaanzisha kituo cha sanaa mtaani humo. Ghetto Radio ilianzishwa ikitangaza kwa Sheng mchana kutwa, jambo ambalo mnamo 1996 lingechukuliwa kuwa mzaha. Kayole imemtoa Khaligraph Jones. Wakadinali wametoka Eastlands na kujaza kumbi. Umoja nayo ikatupatia Ethic, ambao "Lamba Lolo" yao ya 2018 iliwafanya wazazi wazime redio. Sina haja ya kuitetea "Lamba Lolo". Lakini niliona kwamba kelele zote zilizopigwa na watu wazima mwaka ule zilikuwa za kulaani, na sikusikia hata mmoja akimwambia kijana: sikiliza kwanza watu wa Dandora walifanya nini na lugha hii hii miaka ishirini iliyopita. Tungemwambiaje, nasi hatukuwa tumeweka kitu cha kumsikilizisha?

Katiba yetu, katika kifungu cha 11, inaitaka Serikali ikuze utamaduni kwa njia za fasihi, sanaa na maktaba miongoni mwa nyingine. Maktaba za umma Eastlands zipo. Tawi la maktaba ya McMillan liko Kaloleni, jingine Makadara, na yote mawili yamekarabatiwa katika miaka ya karibuni na shirika la Book Bunk, rangi ikarudi ukutani na watoto wakarudi vitini. Kaloleni yenyewe ina ukumbi ambamo wazazi na mababu walicheza dansi na kuhudhuria mikutano ya siasa kabla ya uhuru. Sioni sababu ya rafu moja pale kutobeba sauti za mitaa inayoizunguka, pamoja na maandishi ya tungo na maelezo ya maneno yake, yakiwa yameidhinishwa na watunzi wenyewe na watunzi wakiwa wamelipwa. Wengi wao wako hai. Wanaweza kuulizwa neno lipi lilimaanisha nini, kitu ambacho hatuwezi kumuuliza Muyaka.

Kwa walimu watakaopenda kujaribu muhula ujao, zoezi langu ni hili. Mwanafunzi atafute wimbo mmoja wa Eastlands wa kati ya 1995 na 2006, kwa mzazi, kwa mjomba, kwa kondakta wa zamani au kwa fundi wa redio aliyeficha kaseti chini ya meza. Aunakili kwa mkono kama ulivyo. Aandike kando ya kila neno la mtaa asili yake na maana yake, akimtaja aliyemweleza. Kisha aufasiri mzima kwa Kiswahili sanifu, na mstari mwekundu wa mwalimu uje hapo, kwenye tafsiri, bila huruma. Mwisho aandike ukurasa mmoja akieleza ni mishororo ipi iliyokataa kutafsirika, na kwa nini. Nimelijaribu zoezi hili na madarasa kadhaa. Ukurasa huo wa mwisho ndio ninaousoma kwanza, na kazi iliyonipendeza kuliko zote ililetwa na msichana mmoja wa kidato cha tatu aliyeandika kwamba mshororo mmoja ulimshinda siku nne, hadi baba yake, ambaye hajawahi kumsaidia kazi ya shule, alipozima taarifa ya habari, akaketi karibu naye na kuanza kumweleza Dandora ya 1997 ilivyokuwa. Walimaliza saa sita za usiku.